Butembo: Siku ya posho imefika, posho iko wapi?

Katika Kiswahili cha Kongo, siku ya sita ya juma inaitwa siku ya posho. Jina hilo lilibaki tangu wakati wa makampuni ya zamani, wakati mfanya kazi alipokea chakula chake na malipo yake siku hiyo, kisha akarudi kwa watoto. Mjini Butembo, kwenye shantie nyingi za majengo ya biashara, siku ya posho imekuwa siku ya kupewa maneno. "Franka haijaingia." "Patroni yuko Kasindi." "Muje siku ya kwanza, tutaangalia." Na wanaopewa maneno hayo zaidi ya wengine ni wahami wa vita, wale watu wanaita madeplase. Walikimbia Kanyabayonga na Kirumba upande wa kusini wa wilaya ya Lubero, au walikimbia mapanga ya ADF upande wa Mangurujipa, na leo wanabeba mawe ya etaje za watu wengine bila kujua watalipwa lini.

Jambo hili linasemwa chini chini kila siku kwenye foleni ya maji na mbele ya makanisa. Sasa lisemwe kwa sauti: mwenye biashara anayejenga au anayetengeneza upya magazini yake kwa mikono ya wahami, kisha hawalipi, anaiba. Hakuna neno lingine la kulipa jambo hilo jina.

Mji unajenga, hilo kila mtu analiona. Ukipita avenyu Président de la République, au ukiingia ndani ya komini za Kimemi, Mususa, Bulengera na Vulamba, unakuta maduka ya zamani ya matofali ya kuchoma na mabati yenye kutu yanabomolewa. Mahali pake panasimama etaje mbili, tatu, nne. Wengine hawabomoi. Wanaondoa milango ya mbao, wanaweka vioo na aluminiamu, wanapiga karo chini, wanapaka rangi, wanakata ukuta wa nyuma ili depo iwe magazini ya pili. Mgeni anaweza kushangaa: vita iko karibu, na watu wanajenga? Lakini mfanya biashara ana hesabu yake. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa 1 mwaka 2025 na benki za huko zikafunga milango, wengi wanaona kuta ni salama kuliko karatasi. Pesa iliyokuwa inaenda kununua bidhaa inaingia kwenye simenti. Hakuna ubaya ndani yake. Mji usiojenga unakufa, na Butembo haijawahi kungojea mtu wa Kinshasa aje kuujenga. Wafanya biashara wa hapa walichangia barabara na uwanja wa ndege wa Rughenda wakati serikali ilikuwa mbali sana. Ni sifa yao, na hakuna anayewanyang'anya.

Kwa sababu hiyo hiyo aibu ni kubwa zaidi. Watu walioweza kutengeneza barabara bila serikali hawawezi kusema kwamba kumlipa mtu aliyebeba karai ni jambo linaloshinda nguvu zao.

Wanaokaa dukani wakinunua kitambaa hawajui kazi hiyo ikoje. Butembo ni mji wa vilima. Kamio haifiki kila mahali. Mchanga unamwagwa chini kwenye barabara, na shantie iko juu. Kati ya barabara na shantie kuna mgongo wa mtu. Mtu anaamka saa kumi na moja, anatoka kartie ya pembeni ambako familia moja imempa chumba kimoja yeye na watoto wake, anatembea saa moja au zaidi ili awe mlangoni kabla ya saa moja asubuhi, kwa sababu kapita anachagua wale wanaofika kwanza. Akichaguliwa anapewa karai au chepe. Kuchanganya beto kwa mkono ni kugeuza mchanga, kokoto na simenti mara tatu wakiwa wakavu na mara tatu tena na maji, halafu kupandisha karai moja moja kwa mikono, mtu akimpa mtu, kutoka chini mpaka dari ya etaje ya pili. Siku ya kumwaga dari hakuna kupumzika, maana beto ikianza kukauka nusu, dari inashika ufa. Siku hiyo watu wanafanya kazi mpaka usiku. Wanawake wanachota maji mtoni na bido za lita 20 na kuvunja mawe kuwa kokoto. Mkono unapasuka, simenti inaingia ndani ya kidonda, na usiku kidonda kinawaka.

Huko kutengeneza magazini upya nako kuna mateso yake, na watu wanayasahau kwa sababu hayaonekani toka barabarani. Mwenye duka hataki kufunga mchana, atapoteza wateja. Kwa hiyo ukuta unabomolewa usiku au siku ya Mungu, mlango ukiwa umefungwa, vumbi likiwa limejaa ndani, hakuna dirisha. Asubuhi uchafu wote lazima uwe umeondoka kabla mteja wa kwanza hajaingia. Mtu aliyeubeba amelala saa mbili, na majirani hawamjui, kwa sababu alikuja giza na akaenda giza. Siku akidai malipo, nani atasema alimwona?

Chukua baba mmoja kati ya hao. Aliacha shamba la muhogo na kahawa. Hajawahi kuwa masoni, anajua jembe. Anaambiwa atapewa franka 10,000 za Kongo kwa siku. Juma la kwanza anapewa nusu, "kwa ajili ya sabuni." Juma la pili hapewi kitu, anaambiwa avumilie mpaka dari imwagwe. Dari inamwagwa. Anaambiwa angoje mpaka milango ifike kutoka Uganda. Siku milango inafika, kapita amebadilishwa, na kapita mpya anasema hamjui. Siku 36 za kazi, siku 3 tu ndizo zimelipwa. Inabaki franka 330,000. Kwa mwenye etaje ni pesa ya kununua karo za kibaraza. Kwa baba huyo ni chakula cha miezi, minervali ya mtoto na dawa ya malaria, na juu ya yote ni heshima yake ndani ya nyumba ya watu waliompokea.

Hapo ndipo deni linapohama. Sehemu kubwa ya wahami wa Butembo na Lubero hawako ndani ya kambi. Wako ndani ya familia za wenyeji. Mama mwenye nyumba aliyewapa chumba anategemea kwamba baba akipata kazi, watachangia unga na maharagi. Baba anaenda shantie kila siku, anarudi mweupe wa simenti, na hana kitu. Juma la kwanza wanamwamini. Juma la nne mama mwenye nyumba anaanza kuuliza: huyu anafanya kazi kweli, au anakunywa pesa? Familia zimegombana na kutengana kwa sababu ya pesa iliyokwama mfukoni mwa mtu ambaye hawajamwona hata siku moja. Patroni asiyelipa hajakopa kwa mhami peke yake. Amekopa kwa mama yule pia, na kwa muuza unga wa kartie aliyekubali kuandika deni.

Sasa tazama jinsi vitu vingine vyote vya shantie vinavyolipwa. Simenti inatoka Uganda kupitia Kasindi. Hakuna mtu anayeishusha kwenye kamio kabla pesa haijahesabiwa. Vyuma vya beto, hivyo hivyo. Mabati, hivyo hivyo. Mwenye kamio ya mchanga akikosa malipo ya safari ya jana, leo haleti. Miti ya kusimamishia dari inakodishwa, na mwenye miti akingojeshwa anakuja kuitoa, dari ianguke isianguke. Hawa wote wanalipwa kwa sababu wanaweza kuzuia kitu. Mhami hana cha kuzuia. Beto aliyoibeba jana imeshakauka, hawezi kuichukua akaondoka nayo. Kwenye shantie nzima, kitu pekee kinachochukuliwa kwa deni bila ruhusa ya mwenyewe ni nguvu ya mtu aliyekimbia vita.

Mapatroni wana majibu yao, na ni vizuri yasikilizwe moja moja.

Jibu la kwanza: "Sisi tunawasaidia hawa watu. Bila sisi wangekaa tu." Maneno hayo yanasemwa hata na watu wazuri, watu wanaotoa magunia ya mchele siku padri au mchungaji anapoomba msaada. Lakini msaada hauna kapita, na hauna saa ya kufika. Mtu anayepewa msaada haambiwi apandishe karai 200 kwa siku. Patroni akitaka kusaidia, alipe kwanza kazi iliyofanyika, halafu atoe mchele wake. Kumpa mtu mchele wa franka 20,000 mbele ya picha, huku una deni lake la 300,000, ni kumrudishia vumbi la pesa yake mwenyewe.

Jibu la pili: "Vita imeharibu biashara." Kweli imeharibu. Barabara ya Goma imekatika kwa biashara nyingi, ushuru umezidi, mizigo inachelewa, na wateja waliokuwa wanatoka kusini hawaji tena. Hakuna anayebisha. Lakini mfanya biashara aliyeharibiwa na vita anapunguza kujenga. Anamwaga msingi mwaka huu, anangoja mwaka ujao kwa kuta. Huyu anayelia vita kwa mhami wake ndiye huyo huyo anaongeza etaje ya tatu. Vita haiwezi kuwa imemkuta mlangoni pa malipo peke yake.

Jibu la tatu ndilo linalosikika zaidi: "Mimi nilishatoa pesa yote kwa anjeniere. Muulizeni kapita." Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotea kweli. Mwenye jengo anafanya mkataba na anjeniere au na fundi mkubwa. Huyo anampa kapita kazi kwa bei ya jumla. Kapita anawagawia mamasoni. Masoni anatafuta wasaidizi. Kila mkono unakata kitu, na kila mkono unasema pesa ilikuwa kidogo ilipomfikia. Kapita mwenyewe mara nyingi si tajiri. Alikubali bei ya chini ili asikose kazi, akijua tangu siku ya kwanza kwamba haitatosha, na akijua pia ni nani atakayeachwa. Mwenye jengo naye anajua. Mtu anayejua bei ya simenti ya Kasindi mpaka franka ya mwisho hawezi kusema hajui kwamba bei aliyompa kapita hailipi watu 20 kwa miezi mitatu. Alichagua bei hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi, na ilikuwa rahisi kwa sababu mtu fulani hatalipwa. Halafu anasema "muulizeni kapita", wakati kapita amezima telefone.

Jibu la nne halisemwi mbele ya maikro. Linasemwa kwa mhami mwenyewe anapodai kwa nguvu: "Wewe, kwanza, unatoka wapi? Karatasi zako ziko wapi?" Kila mtu ndani ya mji huu anaelewa maana yake. Katika eneo hili, ambako jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021 na ambako watu wanaogopa wapelelezi wa kila upande, kumwambia mgeni kwamba hajulikani anakotoka ni kumwonyesha jela. Karatasi yake ya kuchagulia, ambayo hapa Kongo ndiyo kitambulisho cha watu wengi, iliungua na nyumba au iliachwa kwenye njia ya kukimbia. Patroni aliyemchukua bila kuomba karatasi siku ya kwanza hana haki ya kuiomba siku ya kulipa. Na anayetumia jina la ADF au la M23 ili asilipe franka 10,000 ajue anacheza na maisha ya mtu. Watu wamepigwa mawe katika nchi hii kwa neno dogo kuliko hilo.

Wengi wanafikiri kazi ya kibarua haina sheria. Ina sheria. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 40, inasema kwamba mtu anayechukuliwa siku kwa siku, akishamaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa mfanya kazi wa mkataba usio na mwisho uliopangwa. Siku hizo 22 si lazima zifuatane. Kapita anayemwambia mtu "pumzika juma moja halafu urudi" hajafuta kitu. Na kukosa karatasi ya mkataba hakumfanyi mtu kuwa si mfanya kazi: sheria hiyo inamruhusu kuonyesha kwa kila njia kwamba alifanya kazi, pamoja na mashahidi.

Kiasi chenyewe pia hakiachwi kwa huruma ya patroni. Mshahara wa chini kabisa wa siku kwa mfanya kazi asiye na ufundi, ule unaoitwa SMIG, ulikuwa franka 7,075 tangu 2018. Serikali iliupandisha mwaka 2025 mpaka 14,500, na kuanzia mwezi wa 1 mwaka 2026 unakuwa 21,500. Kwa hiyo hata yule baba aliyeahidiwa 10,000, kama angelipwa yote bila kukosa siku hata moja, bado alikuwa chini ya sheria. Watu wanagombania deni la bei ambayo yenyewe ni ya wizi. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema mfanya kazi ana haki ya malipo yanayomtosha yeye na familia yake kuishi kwa heshima ya binadamu. Maneno hayo yako huko tangu karibu miaka 20, na mama anayevunja mawe kwa siku nzima akipewa kidogo kuliko mwanaume aliye kando yake hajawahi kuyasikia.

Kuna jambo la ajali pia. Majukwaa ya kupandia yanatengenezwa kwa miti ya eukaliptusi na misumari iliyotumika mara tatu. Mvua ikinyesha, na Butembo mvua haikosi, mti unateleza. Mhami hana kaske, hana boti, anapanda na kandambili. Akianguka akavunjika mguu, anapelekwa hospitali na wenzake, na kwa kawaida shantie inaendelea kesho yake na mtu mwingine. Mwajiri anatakiwa kuandikisha wafanya kazi wake kwenye CNSS, na ajali za kazi ziko ndani ya mambo ambayo mfuko huo unapaswa kubeba. Ni wasaidizi wangapi wa masoni mjini humu wameandikishwa? Apite mtu shantie tatu na kuuliza, ataona wanavyocheka. Watoto nao wapo, wanabeba mchanga saa za darasa, na hapo hakuna haja ya maelezo marefu: sheria ya 2009 ya kulinda mtoto iko, patroni anayeona mtoto na karai kwenye shantie yake amwondoe leo, na alipe siku alizofanya.

Haki itendeke hata kwa mapatroni: wako wanaolipa. Wako wenye magazini wanaokuja wenyewe siku ya posho saa sita, wanaita majina mmoja mmoja, wanaweka franka mkononi, na kapita amesimama kando bila kugusa. Watu wanawajua. Shantie zao hazikosi wafanya kazi, na mara nyingi hazikosi kwenda haraka, kwa sababu mtu anayejua atalipwa hachanganyi beto kwa hasira. Aliyenyimwa malipo ya majuma manne hana sababu ya kuhesabu kama masoni ameweka mfuko mzima wa simenti au nusu. Mwenye jengo ambaye hajui hivyo atajifunza siku ufa wa kwanza utakapotokea chini ya dirisha, na wapangaji wake tayari wako ndani.

Njia yao ndiyo inayotakiwa kuwa ya wote, na haihitaji mradi wa shirika wala semina hotelini. Mwenye jengo awe na orodha ya majina ya kila siku. Malipo yafanyike mbele yake, au mbele ya mtu wa familia yake, siku ya posho kabla ya saa nane mchana ili soko lisifungwe. Akimpa kapita kazi kwa bei ya jumla, sehemu ya vibarua ikae mkononi mwake mwenyewe mpaka iwafikie. Ofisi ya meya inayotoa ruhusa ya kujenga inaweza kuomba orodha hiyo kila inapokagua jengo. Tayari inatuma watu kukagua taksi za ujenzi, na hao hawakosi njia. FEC, ambayo inasema kwa niaba ya wafanya biashara kila ushuru unapopanda, iseme pia kuhusu wanachama wanaojenga bila kulipa. Na mapadri na wachungaji, ambao wanaitwa kubariki magazini mpya kwa maji na maombi, waulize swali moja kabla ya kuinua mkono: waliojenga hapa wamelipwa?

Mteja pia ana mguu wa kuondoka nao. Butembo ni mji wa majina. Kila mtu anajua nani aliuza mchele wenye mawe mwaka gani. Kama jina la asiyelipa lingezunguka kwenye soko kama linavyozunguka jina la anayeuza mchele mbovu, deni nyingi zingelipwa kabla ya mwezi kwisha.

Kwa wahami na familia zinazowapokea, kuna mambo ya kufanya sasa, wakati mapatroni wanafikiri. Anayeenda shantie aandike kila siku kwenye kaye: tarehe, avenyu, kazi aliyofanya, jina la kapita na namba yake, jina la mwenye jengo, kiasi alichoahidiwa na kiasi alichopewa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule amwandikie jioni ile ile, si mwisho wa mwezi. Wenzake watatu wajue majina yao kwa majina, kwa sababu shahidi anayesema "nilimwona kijana mmoja mrefu" hasaidii kitu. Mwenye telefone apige picha ya shantie, yeye akiwa ndani yake. Aliyepoteza kitambulisho aende komini kuomba karatasi ya kuonyesha kwamba amekipoteza, ili siku ya kudai asitishwe na swali la "unatoka wapi".

Deni likikataliwa, mahali pa kuanzia ni kwa mkaguzi wa kazi, Inspection du Travail. Sheria inataka ugomvi wa mfanya kazi na mwajiri wake upite kwanza kwake kwa upatanisho kabla ya kufika mahakamani. Waende kikundi, siyo mtu mmoja mmoja. Utawala wa kijeshi ulihamisha kesi za jinai kwa mahakama za kijeshi, lakini deni la mshahara si jinai ya mfanya kazi, na asikubali mtu amwambie kwamba siku hizi hakuna pa kulalamika.

Na wasingoje. Sheria ile ile ya 2002 inampa mfanya kazi mwaka mmoja tu kudai mshahara, kuhesabu toka siku ulipopaswa kulipwa. Kila "muje siku ya kwanza" inakula ndani ya mwaka huo, na wako mapatroni wanaojua hesabu hiyo vizuri kabisa. Wale waliopandisha karai kwenye majengo yaliyofunguliwa kwa sikukuu ya Noeli iliyopita, na bado wanangoja, wafungue kaye zao usiku wa leo na kuangalia tarehe.